Atelye ya kushona na kuchora juu ya hedhi kwa batoto banamuke, nianzie wapi?

YayaWaKatuba:

Jambo ba yaya, ba mama na ba papa bote ba humu. Niko hapa Lubumbashi, Katuba. Ku parokia tuko na kikundi kidogo, kila siku ya mposho (Jumamosi) batoto banamuke banakuja kujifunza kushona na kufuma, mi nabafundisha pia kuchora juu njo kazi nilisomea. Badogo bako na myaka 11, bakubwa 15.

Mambo yenye inanisumbua ni hii. Kuko mumoja kati yabo, mutoto wa akili sana, ilipofika mwezi wa kumi, na joto ya mwezi wa kumi hapa munaijua, yeye anafunga triko (sweta) ku kiuno na hatoke pa kiti mpaka bote batoke. Benzake banajua, banagusana na kiwiko, banacheka. Kiisha akaacha kuja. Nilienda kwabo, mama yake ananijibu tu "alikuwa mugonjwa" na macho iko chini, basi nikaelewa, sikuuliza tena.

Sasa nawaza mu vakansi kubwa, mwezi wa saba, nifanye atelye: kushona serviete za hedhi za kitambala, kuchora, pengine na teatre kidogo. Juu ukibaweka tu pa banki na kubaambia leo tunaongea juu ya kuona mwezi, banakufa na nsoni, hakuna mwenye kufungua kinywa, unabakia weye peke na tablo yako.

Komite ya bazazi haiko moyo moja. Papa mumoja amesema mambo ya banamuke inaongewa mu chumba, haiongewe ku parokia. Mama mumoja naye anaogopa kama tukiongea sana batoto batasikia sawa vile balisha kuwa bakubwa na bataanza kufuata banaume. Tuko na mashini mbili za kushona, rangi kidogo, na mashuka ya zamani yenye batu balitupatia.

Maulizo yangu: nianze na nini, kushona ao kuchora ao teatre? Bavulana banaitwa ao hapana? Na ba mama benye banaambia mutoto asitie chumvi mu mboga wakati iko mu mwezi, nibajibu nini bila kubadharau? Mwenye alisha kufanya kitu ya namna hii anisaidie.

---

MamaSindano:

Mudogo wangu, anza na kushona. Usibandike karatasi ku mulango yenye kusema atelye ya hedhi, sema tu kuna kushona, kila mutoto akuje na kitambala. Mikono ikiwa na kazi kinywa inafunguka yenyewe. Mi niko Ruashi, nashona tangu zamani, na nakuambia maulizo yenye batoto baliniuliza wakati uzi iko mu sindano na macho yabo iko ku kitambala, hakuna hata mumoja angeniuliza vile macho kwa macho. Mumoja aliniuliza bila hata kuinua kichwa, "mama, damu ikitoka siku mbili tu ni ugonjwa?" Nikamujibu na mi bila kuinua kichwa, siku mbili ni muzuri, siku saba pia ni muzuri, ikipita pale twende ku hopitali. Tukaendelea kushona.

Kazi yenyewe haiko nguvu. Juu unaweka kutoni laini yenye haikwaruze, katikati tabaka mbili ao tatu za flaneli ao taulo ya zamani, chini kitambala kizito yenye haipitishe maji mbio. Mabawa mbili na kifungo ya kufungia chini ya chupi. Usiweke ndani plastiki ya mufuko, inaleta joto na kuwasha. Na kitu moja nakulomba sana: usibape batoto kitambala ya rangi nyeusi. Batu banapenda nyeusi juu inaficha, lakini mu nyeusi hauwezi jua kama ulisafisha muzuri ao hapana, na kuficha njo ugonjwa wenyewe tunataka kuombola (kuondoa). Maua kidogo, rangi ya wazi, mutoto apende kitu yake.

Kufua: maji ya baridi kwanza, ya moto inakamatisha damu ku kitambala, kiisha sabuni, kiisha jua. Jua mudogo wangu, jua! Hapa njo kuko mambo. Batoto banaanika chini ya kitanda, ao banaweka serviete chini ya kikwembe ku kamba, inabakia na unyevu, inanuka, inaleta kuwasha. Mi nilianika zangu wazi mu lubanza (uwanja wa nyumba), katikati ya bilamba bingine, jirani akapita akauliza ni bavete ba mutoto gani, zile za kufunga ku shingo akikula, nikamuambia hapana mama, ni za miye, za mwezi. Alinyamaza. Juma lenye lilifuata akatuma binti yake akuje kuangalia namna ya kukata.

---

FundiBomba:

Samahani lakini nitasema kile chenye bengine banaogopa kusema. Kila mwaka tarehe 28 mwezi wa tano, siku ya hedhi ya dunia, batu banakuja na ba tisheti, banapiga ba foto, batoto banachora tumbo la uzazi ku karatasi, kesho yake kalasi iko vilevile, choo haina mulango, bomba imekauka. Mi natengeneza mabomba, niliingia mu ba choo ba kalasi mingi. Kuko yenye bavulana na banamuke banatumia tundu moja. Mutoto atabadilisha wapi hiyo serviete ya maua? Atafua na maji gani, maji ya bidoni yenye mama ananunua? Mi sisemi hedhi ni haya. Nasema nsoni yenye unaona kwa huyu mutoto wa triko inatoka pale, hana pa kujificha, njo maana anajificha mu triko. Kamateni hiyo feza ya rangi mununue mulango na kufuli.

---

MwalimuWaKenya (komuni ya Lubumbashi, si nchi 😅):

Papa FundiBomba uko na haki kabisa juu ya mulango, na wala sitabishana. Ila rangi ya dada hapo juu haitatosha kununua hata bawaba, tuwe wakweli. Na mimi nimefundisha biolojia miaka mingi, nimeona shule yenye choo kizuri na funguo iko kwa prefe (mkuu wa shule), msichana anatakiwa aende kumwomba prefe funguo mbele ya darasa. Mlango upo, nsoni ipo palepale.

Sasa kwa dada wa Katuba. Kwanza usiiambie komite kwamba batoto batakuja masomo zaidi. Kila proje inaandika hivyo, lakini kuna wachumi wawili, Emily Oster na Rebecca Thornton, waligawa vikombe vya hedhi kwa wasichana Nepal, matokeo yakachapishwa mwaka 2011, ikaonekana kwamba hedhi haikuwa inawapotezea hata siku moja nzima ya shule kwa mwaka, na vikombe havikubadilisha kitu hapo. Wasichana walivipenda, tena sana, lakini kwa sababu nyingine, kufua kulipungua. Kila mahali na hali yake, Lubumbashi si Nepal, ila ukiahidi mahudhurio utakuja kuulizwa mahudhurio. Ahidi kile unachokijua, kwamba watoto wataweza kusema.

Juu ya bavulana: waite, lakini si siku ya kwanza na si pamoja na wasichana. Mimi ninaanza nao peke yao. Ninaleta kopo la maji niliyotia rangi nyekundu na kijiko cha chakula, ninawauliza, kwa mwezi mzima damu inatoka kiasi gani? Wanapiga kelele, litre moja! litre tatu! Yupo siku moja aliyesema bidoni. Ninaanza kupima polepole juu ya kitambaa cheupe, kijiko cha kwanza, cha pili, kimya kimeingia, ninafika cha tatu ninasimama. Kwa wengi ni mililita 30 mpaka 80 kwa siku zote, yaani vijiko viwili mpaka vitano, na ikizidi 80 daktari anaanza kuuliza maswali. Baada ya hapo hakuna anayecheka, wanataka kujua sasa maumivu yanatoka wapi kama damu yenyewe ni hiyo tu, na hapo ndipo unawaeleza kwamba tumbo la uzazi ni msuli, unajikaza ili utoe ile ngozi ya ndani.

Wasichana nao ninawapa shanga. Kila mmoja anatunga bangili ya shanga 28, tano nyekundu na nyingine rangi anayopenda. Halafu ninawaambia 28 ni ya kitabu, siku 21 mpaka 35 ni kawaida, na kwa wasichana wadogo miaka ya mwanzo inaweza kufika hata 45, basi kila mtu aongeze ao apunguze shanga kufuatana na mwezi wake mwenyewe. Wanapenda hapo, kwa sababu bangili za darasa zima hazifanani. Ile tarehe ya 28 mwezi wa tano nayo ilichaguliwa kwa hesabu hiyohiyo, siku 28 za mzunguko na siku tano za damu, Wajerumani wa WASH United ndio walioianzisha, ikasherehekewa mara ya kwanza 2014.

Na sanduku la maswali usilisahau, lenye kufuli, karatasi bila jina. Lakini kila mtu aandike kitu, hata asiye na swali aandike "sina", la sivyo wenye kuandika wanaonekana.

---

FundiBomba:

Mwalimu hiyo ya funguo kwa prefe umenipiga kweli. Hiyo niliiona pia. Na kwa hesabu ya vijiko mi nilikuwa nawaza litre 😂 muzee muzima na batoto ine.

---

MjukuuWaSakania:

Mi nataka kuingia pa ile ulizo ya chumvi, juu hakuna mwenye ameigusa.

Kwetu ni Babemba, kambo yangu mwanamuke (bibi) alizaliwa ngambo ya Sakania. Hii mambo ya kufundisha mutoto mwanamuke na udongo na rangi na nyimbo haikuletwa na ba ONG (mashirika). Chisungu ilikuwako. Mutoto akiona mwezi mara ya kwanza banamuweka mu nyumba, mama mukubwa wa kazi anaitwa nacimbusa, anafinyanga mbusa: nyoka, mamba, nyumba, jembe, kila moja iko na wimbo yake na maana yake, na ukuta wa nyumba unachorwa na nyekundu, nyeupe na nyeusi. Zenye banachoma nacimbusa anazibika, zenye za udongo mubichi banazibomoa siku ileile. Mwaka 1931 mama Muingereza mumoja, Audrey Richards, aliangalia chisungu moja ku Zambia tangu mwanzo mpaka mwisho, ilikamata siku 23. Siku 23 dada! Siye leo tunafanya saa mbili na tunasema tumefanya atelye.

Sisemi yote ilikuwa ya asali. Mingi ilikuwa kumufundisha mutoto kunyenyekea kwa bwana, na mutoto alichekwa na kuteswa kidogo pia. Hiyo iache. Lakini komite yako ikisema hii ni mambo ya kigeni, ao ni mambo ya upagani, baambie kitu hii: ku Mbala, Zambia, kuko muze (nyumba ya makumbusho) inaitwa Moto Moto, imejaa mbusa, na mwenye alizikusanya ni padri Corbeil, mumisionere Mukatolika. Padri mwenyewe aliona kuko kitu ya kubika pale. Papa wa komite atajibu nini?

Sasa chumvi. Ku Babemba mwanamuke mwenye iko mu mwezi hagusi moto ya kupikia na hatie chumvi, juu banasema mwenye kula atapata kikohozi ya kifua. Usisimame mbele ya ba mama kusema ni uongo. Kambo yangu alikuwa anasema hizo siku njo alikuwa anapumuzika, bengine banapika. Ukiombola mwiko bila kuombola kazi, mama anaona umemunyanganya mapumuziko yake. Lakini angalia namna inafanyika mu lubanza leo: mama anapika mwenyewe, kazi yote anafanya, ikifika pa chumvi anaita mutoto mudogo mwanaume, "weye kuja utie chumvi". Mutoto anakuja anatia, na lubanza yote inajua sasa mama iko mu mwezi. Mapumuziko haiko tena, imebakia tu tangazo. Ufanye teatre na hiyo. Ba mama batacheka mbele hata uanze kuelezea.

Na tukiwa pa Zambia, ngambo ya mupaka wa Kasumbalesa sheria ya kazi ya 2019 inapatia mwanamuke siku moja kila mwezi ya kubakia ku nyumba, bila karatasi ya munganga. Banaiita siku ya mama. Huku kwetu binamu yangu anasimama siku muzima mu duka na tumbo inamukata.

---

BintiTanga:

Habari zenu ndugu wa Lubumbashi, mimi nawasoma nikiwa Tanga, Kiswahili chenu kitamu jamani, nimeelewa karibu yote 😄

Huyo nacimbusa kwetu pwani ni kungwi, na hiyo chisungu yenu kwetu ni unyago. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, mnayemjua kwa kuimba, mpaka uzee wake alikuwa akiwafunda wari, alifariki 2013. Dada wa Katuba, nakushauri umtafute mama mmoja mtu mzima wa namna hiyo aketi ndani ya atelye tangu siku ya kwanza, asiitwe mgeni wa heshima wa kukata utepe, aketi ashone. Kwenye kikundi chetu walikuja wasichana wa chuo na michoro yao mizuri, wazee wakawaangalia tu, mara bibi mmoja akatoa maneno ya unyago ambayo mimi siwezi kuyaandika hapa, wote wakaanguka vicheko, ndipo michoro ikaanza kuangaliwa. Ila mpange naye mapema yapi yasemwe mbele ya mtoto wa miaka 11, maana kungwi akianza hajui kusimama.

---

MwalimuWaKenya:

Hiyo ya chumvi ni teatre tayari, mjukuu umeiandika. Dada, fanya hivi: wasichana wacheze dakika tano tu, mama, chungu, mtoto wa chumvi, jirani anayechungulia. Halafu mnarudia tangu mwanzo na mtu yeyote wa pale chini anaweza kusema "simama", anapanda anachukua nafasi ya mama ao ya jirani, anaonyesha yeye angefanya nini. Mbrazili Augusto Boal ndiye aliyeianzisha miaka ya 1970, wanaiita teatre forum, na hapa Lubumbashi inaingia rahisi kwa sababu watu wamekulia na kundi la teatre la Mufwankolo, mtu wa kwetu anajua kwamba teatre ni Kiswahili cha lubanza na kicheko, haogopi. Mimi niliona baba mmoja alipanda kuonyesha namna ya "kurekebisha" mke, akajikuta yeye ndiye anatia chumvi na kukoroga bukari (ugali), watu walilia kwa kucheka.

Kitu kimoja tu: msichana wa triko asipewe nafasi ya msichana wa triko. Na usicheze kabisa hadithi ya triko, wote wataijua ni ya nani.

---

YayaWaKatuba:

Ee Mungu wangu, mwalimu, njo vile nilikuwa nimepanga, teatre ya triko. Naiacha. Chumvi inatosha.

Aksanti bote. Kwa sasa nawaza hivi: juma mbili za kwanza kushona tu, mashini moja ku kuta na ingine pa dirisha, na kuko mama mumoja wa chorale, mutu muzima, Mubemba wa Kasenga, nitamulomba akuje kushona na siye. Kiisha shanga. Teatre ya chumvi tutaionyesha siku ya kufunga, ba mama na ba papa bakuwe pale, bavulana pia, lakini bavulana mwalimu, vile vijiko vyako nakulomba ukuje weye mwenyewe uvifanye mbele, mi sitaweza kusimama mbele ya bavulana ba myaka 16. Padri Corbeil namubika kwa ajili ya papa wa komite.

FundiBomba, ku parokia kuko choo mbili, moja haina mulango, nasema tu.

---

FundiBomba:

Nilijua itaishia pale 😂 Tuma vipimo, urefu na upana, ndani ya fremu, si inje. Mbao niko nayo kidogo. Kufuli iwe ya ndani, na funguo ya inje isibakie kwa mutu.

---

MjukuuWaSakania:

Ba papa ba Lubumbashi kumbe banaweza 👏

---

MamaSindano:

Mudogo wangu, flaneli ya mashuka ya zamani ufue kwanza na maji ya moto mbele ya kukata, inarudi ndani kidogo, ukikata mbele ya kufua serviete itajikunja. Unaweza kuikata ku sentimeta 25 kwa urefu kwa hawa badogo, bakubwa 28 ao 30 ya usiku. Njoo Ruashi na karatasi nikuchoree patroni, na ukuje na mukasi yako, yangu haitoke ku nyumba.

---

YayaWaKatuba:

Nakuja siku ya mposho, mama. Mulango ni sentimeta 74 kwa 190, papa Fundi, nimepima sasa hivi.